Mgomba wa Ephraïm

Hubert Vahwere alimuua mwanawe siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, kwa mdomo wake mwenyewe, na wala hakuwa amepanga.

Alikuwa anafungua duka lake la kufuli na misumari, pembeni mwa soko kuu la Bunia, Philippe alipomjia. Philippe ndiye shefu wa avenyu yao, kiongozi wa mtaa, mtu wa Mahagi, wa misa ya kwanza kila Jumapili, mpole kiasi kwamba hata akija kukukamata atakuuliza kwanza umeamkaje. Aliuliza habari za mama wa nyumbani. Akauliza habari za binti Solange, za biashara, za bei ya saruji ambayo Hubert hata haiuzi. Kisha akatoa simu.

Kwenye picha walisimama vijana saba chini ya miti mikubwa, bunduki mabegani. Ilikutwa, alisema, ndani ya simu ya mmoja wa waasi wa msituni aliyeuawa huko nyuma ya Komanda, na sasa ilikuwa inazunguka mji mzima. Kijana wa tatu kutoka kushoto alikuwa amefuga ndevu.

"Papa Hubert, batu banasema huyu ni Ephraïm."

Ndevu hazimfichi mtoto kwa baba yake. Hubert alimtambua kwa namna alivyosimama, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia ulivunjika uwanjani akiwa darasa la tano. Miezi saba iliyopita kijana alikuwa ameaga kwamba anakwenda Mongbwalu kutafuta dhahabu. Alituma salamu mara moja, kisha kimya. Na hatua tano kutoka dukani alikuwa ameketi Marie-Claire, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, amepanga samaki wake wakavu mezani. Mumewe Bruno alikuwa dereva wa lori. Watu hao wa msituni walimchoma pamoja na lori lake kwenye barabara ya Komanda, na miezi minne haijatimia.

"Haiko yeye," Hubert akasema. "Ephraïm alikufa. Mongbwalu. Shimo ya dhahabu ilimuangukia. Tulipata habari jana."

Philippe akavua kofia. Akatazama mlango wa duka uliokuwa nusu wazi. "Na leo unafungua duka?"

"Nilikuja kufunga," Hubert akajibu, na akafunga.

Uongo una watoto wengi, na wa kwanza alizaliwa kabla Hubert hajafika nyumbani. Marie-Claire alikuwa ameacha samaki wake mikononi mwa jirani, akapita njia ya mkato, na Hubert alipoingia uani alimkuta amemkumbatia Joséphine, wote wawili wanalia. Joséphine ndiye mama wa Ephraïm. Ikabidi Hubert amvute mkewe chumbani, amwambie kwa kunong'ona kwamba asilie sana, mtoto hajafa.

"Haijakufa?"

"Iko pori. Niliona picha. Philippe aliniuliza, Marie-Claire alikuwa pale. Nilisema amekufa."

Joséphine alikaa kitandani. Furaha na hofu vilimjia kwa pamoja, na hakujua ashike kipi. Mwaka uliopita, avenyu ya tatu kutoka kwao, nyumba ya mtu aliyesemwa kwamba ana mtoto msituni ilichomwa mchana kweupe, na jamaa zake walitoka na nguo walizovaa tu. Alimfikiria Solange, binti yake wa miaka kumi na tisa. Alimfikiria Marie-Claire, ambaye machozi yake yalikuwa bado yamelowesha bega lake yeye Joséphine.

"Basi tutafanya nini?" akauliza.

"Tutalia," Hubert akasema. "Siku tatu."

Kulia hakukuwa kazi ngumu. Joséphine alikuwa na machozi ya miezi saba. Akatoka, akakaa kwenye mkeka kama inavyompasa mama aliyefiwa, na wanawake wakamzunguka.

*

Kufikia alasiri turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta wa jikoni hadi kwenye uzio, na viti vya plastiki vya kanisa vimeletwa kwa mkokoteni. Marie-Claire ndiye aliyeshika jiko. Hakuna aliyemwomba; alifika na chungu chake kikubwa na kilo tano za maharage, akakunja kitenge, akapuliza moto. Joséphine alikuwa amempikia yeye hivyo hivyo wakati wa Bruno.

Tante Musoki, dada mkubwa wa Hubert, alifika kutoka upande wa pili wa mji akiwa na fimbo na maswali. Mwili uko wapi? Mwili haupo, shimo limeumeza. Nani alileta habari? Mtu. Mtu gani? Mtu wa Mongbwalu. Tante Musoki alimtazama mdogo wake kwa muda, na Hubert, mwenye miaka hamsini na sita, alitamani kujificha nyuma ya mtu.

"Bon. Kama mwili haiko, tutazika mugomba," akatangaza. "Siye tulitoka na desturi huko milimani, hatukuiacha njiani."

Akawaeleza vijana kazi, maana waliozaliwa Bunia hawajui. Shina la mgomba lenye urefu wa marehemu. Linafungwa shuka nyeupe, linavishwa shati lake. Linawekwa kaburini kama mtu. Baba ndiye anatupa udongo wa kwanza, akisema kwa sauti jina la mtoto, na jina hilo halitaitwa tena kwa mtu aliye hai nyumbani humo.

"Na kama mutu anarudia?" Solange akauliza.

"Mutu ya kuzikiwa mugomba harudie. Yule anarudia ni kitu ingine. Hata wakimufungulia mulango, nyumba haimujue."

Solange aliona mama yake ameshika ukingo wa mkeka. Ikatafutwa migomba, na iliyokuwa karibu ni ile ya nyuma ya nyumba ya Marie-Claire. Walipomwomba, aliosha mikono, akaenda mwenyewe kuchagua. "Ephraïm alikuwa murefu," akasema. "Mukate hii." Wakataka kumlipa, akawauliza kama wamerogwa.

*

Siku ya pili wanaume walimaliza habari za marehemu, wakaingia katika habari za nchi. Ndivyo ilivyo kwenye kilio: ukikaa sana, mazungumzo yanamwacha aliyekufa na kuwarudia walio hai. Ile picha ilikuwa kwenye simu ya kila mtu, na ingawa walikuwa wameambiwa kwamba yule wa tatu siye, hawakuweza kuacha kuizunguka.

"Mimi nauliza tu," alisema mfanyabiashara mmoja wa sabuni. "Batoto yetu, siye wenyewe tulikimbia ile batu kule kwetu. Namna gani mutoto anaenda kuingia kwa ile batu iliua bibi yake?"

"Ni shetani," pasta akasema.

"Ni faranga, pasta. Banaahidi dola."

"Dola gani? Bale banatoka kule banatoka na mapele tu."

"Ni bangi."

"Ni wakubwa wa inje, banataka udongo yetu."

Philippe, ambaye hukaa mwisho wa mstari ili asionekane kama serikali, akasema polepole, "Mutu iko na njaa anaiba kuku. Haendi kuchoma lori. Lazima iko kitu ingine kilimuuma kabla ya njaa."

Hubert alikuwa katikati yao, amepewa kiti kizuri zaidi kama baba wa marehemu. Kila neno lilimwingia. Alikuwa na jibu lake, amelificha miezi saba, na aliogopa kwamba mtu akimtazama vizuri ataliona limekaa usoni.

Marie-Claire alikuwa anapita na sahani. Akasimama. "Munatafuta sababu sawa vile munatafuta dawa. Mukiipata mutamupa nani? Bruno alikuwa anapeleka chumvi na maharage. Alikosea nani?" Akamkabidhi Hubert sahani yake kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mfiwa. "Kula, papa. Tangu jana haukule."

Hubert alikula. Maharage yalikuwa na chumvi ya kutosha na yeye aliona aibu mpaka tumboni.

*

Simu ya Solange ililia saa kumi jioni hiyo, namba asiyoijua. Alipokea akiwa nyuma ya jikoni. Alisikiliza maneno mawili, akaificha simu ndani ya kitenge. Akaenda mkekani, akamwinamia mama yake, akawaambia wanawake kwamba mama anahitaji kuoshwa.

Chumbani, mlango umefungwa, Joséphine alishika simu kwa mikono yote miwili.

"Mama, ni mimi."

Alipiga ukelele. Hakuweza kuuzuia. Na kule uani wanawake, waliposikia ukelele wa mama aliyefiwa, wakauitikia kwa kilio kikubwa, sauti thelathini kwa pamoja, hata Ephraïm akauliza kuna nini huko nyumbani. Joséphine hakumwambia.

Ephraïm alizungumza haraka. Alikuwa ametoroka, ametembea siku nne, sasa yuko Komanda, amefichwa na mlinzi mzee wa kanisa. Mzee amekubali kumweka mpaka kesho jioni, basi. Akitoka peke yake, na zile nywele na ndevu, wanajeshi watampiga risasi au watu wa soko watamaliza kazi kwa mawe. Iko ofisi inayowapokea wanaotoka porini. Lakini lazima mtu wa jamaa afike, atembee naye, amshike mkono, aseme huyu ni wetu.

"Juu ya nini, Ephraïm? Juu ya nini ulienda kule?"

"Mama, weye unajua. Miaka mine nafundisha, hakuna mushahara."

Alijua. Mtaa mzima ulijua. Alikuwa mmoja wa wale walimu ambao serikali inawajua kwa jina ila haijawajua kwa mshahara. Kila mwaka orodha ya wanaolipwa ilitoka, na kila mwaka jina lake halikuwamo, na kila mwaka alirudi darasani na viatu vile vile. Baba yake alikuwa akimwita mezani "mwalimu wa chaki," na wote walicheka, hata yeye.

"Orly alikuja, ule tulisoma naye. Alisema iko masomo pori, banatafuta mwalimu. Kule hawakuniuliza dini kwanza. Baliniuliza kama nimekula. Nilifundisha kweli, mama. Batoto makumi mbili chini ya miti, chaki ni makaa. Baliniita mwalimu, na hakuna mutu alicheka. Mwezi ya tatu balinipa kitu ingine mukononi. Na bale batoto balikuwa banaangalia kama nitakataa."

"Na ulifanya nini?"

"Mama, unite za telefone zinaisha. Umuambie baba aje. Si weye, baba. Basoda batamuuliza kitu moja tu. Anajua jibu. Umuulize ile siku ya salongo."

Wanawake walikuwa wamefika mlangoni, wanagonga, wanataka kumshika mama asije akaanguka. Solange alitoka kuwazuia na kuuvuta mlango nyuma yake. Mazungumzo yaliyobaki, ambayo hayakuwa marefu, Joséphine aliyasikia peke yake.

*

"Ile siku ya salongo," Joséphine akamwambia mumewe. Alikuwa amemwita chumbani kwa kisingizio cha kutafuta shati la kuvalisha mgomba, akamweleza kwanza simu ya mtoto: Komanda, yule mzee, mwezi wa tatu. Shati lilikuwa mkononi, la buluu, lililofubaa kolani. "Ilikuwa nini?"

Hubert akakaa. Alieleza akitazama sakafu.

Ilikuwa Jumamosi ya salongo, asubuhi ambayo mji mzima hufagia na kuchimba mitaro, na anayepita bariyeri ya wanajeshi bila jeton, kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, anakamatwa. Ephraïm alikuwa amefagia na wanafunzi wake shuleni tangu alfajiri, lakini mkubwa wa shule alisahau kuwapa jeton. Wanajeshi wa bariyeri ya sokoni walimwambia alipe. Hakuwa na kitu. Wakamwambia aingie mtaroni, atoe tope kwa mikono. Akasema yeye ni mwalimu. Wakatazama viatu vyake, wakacheka sana. Wanafunzi wake walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, na mifagio mikononi.

"Mimi nilikuwa napita na mukokoteni. Kufuli makumi ine na rangi, haiko hata karatasi moja ya kodi. Aliniona. Akawaambia: baba yangu ni ule, mumuulize. Musoda akaniuliza: muzee, huyu ni mutoto yako?"

Joséphine alikuwa analikunja shati.

"Nilisema simujui."

Nje, mtu alianzisha wimbo na wengine wakaufuata.

"Ningesema ndiyo, bangechukua vitu yote. Nilisema nitaweka vitu kwa duka, nirudie na faranga. Nilirudia, Joséphine. Saa moja haikuisha. Alikuwa amekwisha kuenda. Mangaribi tulikula pamoja, hakusema kitu. Mimi pia sikusema. Wiki tatu tulikula vile, kisha akaenda."

Joséphine alikuwa na maneno mengi, na alichagua yaliyokuwa ya kweli. "Batoto wangapi wamekataliwa na baba yao, na hawakuenda kushika bunduki? Solange, basoda walimuvua viatu kwa ile bariyeri, alirudia miguu wazi. Haiko pori. Usikamate zambi yote, Hubert, ile ingine ni yake. Lakini ile yako, uibebe. Kesho uende Komanda."

"Kesho tunazika."

"Tunazika nini? Mutoto iko muzima!"

"Pole pole!" Aliutazama mlango. "Batu walikula kwetu siku mbili. Walitoa muchango. Marie-Claire alikata mugomba yake. Niende niwaambie nini? Kwamba nililetea mujane uongo akanipikia? Batachoma nyumba, na weye ndani, na Solange ndani. Amekufa, Joséphine. Mwaka ujao, kama Mungu anapenda, tutamutafuta mbali, Ariwara, Uganda. Kwa sasa amekufa."

"Kesho mangaribi yule muzee atamutoa inje."

Hubert alichukua shati kutoka mkononi mwake na kutoka nalo. Joséphine akarudishwa mkekani na wanawake. Mama aliyefiwa hasimami mkekani mpaka maziko yaishe. Angesimama na kwenda kituo cha magari, kila mtu angeuliza kwa nini. Alikaa hapo mpaka asubuhi, macho makavu, na wanawake wakasema sasa machozi yamekwisha, ndiyo hatari yenyewe.

*

Alhamisi saa tano kaburi lilikuwa tayari nyuma ya nyumba. Mgomba ulilazwa mezani ndani ya shuka nyeupe, shati la buluu limefungwa vifungo vyote, na kwa bahati mbaya ulikuwa umefanana na mtu. Tante Musoki alikuwa ameupima kwa fimbo. Watu walijaa mpaka barabarani. Wanafunzi wa zamani wa Ephraïm walikuja na sare zao, kama kumi na watano, na mmoja alikuwa ameandika kwenye ubao mdogo: KWAHERI MWALIMU.

Pasta alisoma, akaomba, akasema kijana huyu alichagua njia ya jasho wakati wenzake wanachagua njia ya damu. Watu wakaitikia amina. Joséphine alikuwa anamtazama mumewe, hakutazama kitu kingine. Hubert hakugeuka upande wake.

Vijana wanne wakaushusha mgomba. Tante Musoki akachota udongo, akauweka katika kiganja cha mdogo wake. "Sema jina, utupe."

Hubert alisogea ukingoni. Alikuwa amejiandaa usiku kucha. Neno lenyewe ni moja tu, na kutupa udongo ni kitendo cha mara moja, na baadaye angeweza kulala. Alifungua mdomo, na akasikia swali la yule mwanajeshi, kwa sauti ile ile ya uvivu, kana kwamba anaulizwa upya. Muzee, huyu ni mutoto yako?

"Ndiyo," akasema.

Watu hawakuelewa. Tante Musoki akamgusa kiwiko. "Jina, Hubert."

"Ephraïm haijakufa." Udongo ulikuwa bado mkononi, na sauti yake ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Ephraïm haijakufa. Niliwadanganya. Ile picha muko nayo kwa telefone, ule wa tatu, ni yeye. Alikuwa pori. Sasa ametoka, anataka kujitoa kwa serikali, ananingoja. Ni mutoto yangu. Mubaya, muzuri, ni yangu mimi."

Viti vikaanza kusogea. Wanawake waliita watoto wao kwa majina. Pasta alifunga Biblia, akaifungua, akaifunga tena. Wanafunzi walitazamana, na yule mwenye ubao akaugeuza upande wa maandishi tumboni. Mtu mmoja huko nyuma akauliza mchango utarudishwa lini, na hakuna aliyemcheka. Mwingine akasema neno kuhusu petroli. Solange alilisikia, akaenda kusimama mlangoni pa nyumba, na Tante Musoki, bila kuuliza kitu, akaenda kusimama kando yake na fimbo.

Philippe alipasua katikati ya watu. "Papa Hubert, umesema mbele yangu, mimi shefu. Lazima niripoti."

"Ripoti. Andika na jina ya baba."

Philippe alimtazama, akatazama wale waliokuwa wanakusanyika karibu na uzio, akapaza sauti ili wasikie. "Nitaripoti kesho asubuhi. Leo niko kwa kilio, na mimi nitakaa hapa kwa ile kiti mpaka mangaribi. Mutu anataka kufanya kitu kwa hii nyumba, aanze na mimi." Akaenda, akakaa.

Marie-Claire alikuwa bado jikoni. Alikuwa amesikia yote akiwa na mwiko mkononi. Akaupangusa, akauweka. Akaushusha moto kwa kuvuta kuni moja moja. Akashika chungu chake kwa kitenge pande zote mbili, kimejaa, kizito, maharage bado yanatokota, akakibeba kupita katikati ya watu, na watu wakampisha. Alipofika mbele ya Hubert akasimama.

"Unaenda kumutafuta?"

"Ndiyo."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Alikuwa anapumua kwa shida kwa sababu ya uzito, lakini hakukitua chungu. "Siku mbili nililia mutoto yako. Nilikata mugomba yangu. Basi utanilipa hivi. Ukifika naye Bunia, kabla ya biro ya serikali, kabla hajanawa uso, umupitishe kwangu. Sitamupiga. Niko na ulizo moja. Bruno, pale kwa barabara, alisema nini mwisho."

"Mama Marie-Claire, labda Ephraïm hakukuwa—"

"Basi aje aniambie hakukuwa. Akiwa ananiangalia."

"Nitamuleta," Hubert akasema.

Akaondoka na chungu chake. Joséphine alisimama mkekani. Hakuna aliyemzuia.

*

Walipokaa wote wawili, gari la Komanda lilikuwa limebakiza nafasi moja tupu, na dereva hakutaka kuondoka mpaka ijae. Hubert akailipia. Joséphine alikuwa bado na kitambaa cha kilio kichwani, na dereva, mtu wa heshima, akawapa pole na kuuliza wanakwenda kuzika wapi.

"Hatuzike," Joséphine akasema. "Tunaenda kuchukua mutoto."

Walipita bariyeri ya kwanza, wakapita ya pili. Abiria wengine walilala au walijifanya wamelala. Hubert alikuwa amekaa dirishani, vumbi jekundu likimwingia puani, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa kana kwamba bado ameshika kitu. Alihesabu miezi. Bruno alichomwa mwezi gani? Ephraïm alisema mwezi wa tatu walimpa kitu kingine. Alihesabu tena kuanzia mwisho, na hesabu ilitoka vile vile: bunduki ilitangulia lori.

"Marie-Claire anauliza kwa sababu ya uchungu tu," akasema. "Ile pori ni kubwa. Batu ni wengi. Ephraïm hawezi kuwa alikuwa pale."

Joséphine alikaza kitambaa chake cha kilio.

"Weye uliongea naye mpaka mwisho. Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Kama alikuwa pale? Kwa lori ya Bruno?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo."

Gari liliingia kwenye shimo na kutoka. Komanda ilikuwa imebaki kama saa moja.

"Na alijibu nini?"

"Alilia," Joséphine akasema. "Uambie dereva akaze mwendo. Jua inaenda."